Vifurushi vya Programu Vihamavyo

Je, wajua ya kwamba katika baadhi ya mifumo endeshi ya kompyuta, toleo kuu la zamani likibadilishwa kwa jipya, programu zilizokuwamo aghalabu haziwezi kubaki kama zilivyo, bali hazina budi kutolewa na kuwekwa nyingine za majina yaleyale? Sababu yake ni kuwa programu haijitoshelezi. Hutegemea maktaba, yaani mafungu ya maagizo yatumiwayo na programu nyingi kwa shirika, na nyingi za maktaba hizo hubadilika umbo toleo kuu jipya litokapo, mithili ya tanga lililokatwa kwa kipimo cha foromali moja lisivyokaa sawasawa juu ya nyingine.

Debian, mfumo huria ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, unatupa mfano ulio wazi. Katika toleo lake la 13, lililotoka tarehe 9 Agosti 2025, kompyuta za biti 32 zenye vichakataji vya jamii ya ARM zilibadilishiwa namna ya kuhesabu wakati, kwa kuwa hesabu ya zamani, ianzayo tarehe 1 Januari 1970, itafikia ukomo wake tarehe 19 Januari 2038. Na kwa ajili ya badiliko hilo moja tu, vifurushi maelfu, yaani programu na maktaba zilizofungwa tayari kwa kusakinishwa, vililazimika kuundwa upya. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili, hunspell-sw, ni miongoni mwa vilivyosalimika, maadamu ndani yake hamna ila maneno na kanuni za viambishi.

Programu itunzayo vifurushi hivyo katika kompyuta ina daftari la kila kilichomo, toleo lake na kile kinachokitegemea. Lililo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba daftari hilo hupambanua kifurushi alichokitaka mwenye kompyuta na kile kilichokuja kwa kumfuata mwenziwe. Mwenye kuhama na achukue orodha ya vile vya kwanza peke yake, kwani vya pili vitajileta vyenyewe kwa kadiri ya haja ya mfumo mpya. Akivibeba vyote, atajitwisha maktaba ambazo hazimtumikii mtu tena.

Ama mkaazi wa Fundo, kisiwa kile kirefu chembamba kilicho magharibi ya Pemba, mkabala wa Wete, ikiwa mtandao wake ni dhaifu au ghali, si lazima akose vifurushi hivyo. Iko programu iitwayo apt-offline, ambayo huandika katika faili moja mahitaji yote ya kompyuta iliyobaki nyumbani. Faili hiyo huvushwa kwa mashua hadi Wete, vifurushi vikapakuliwa huko kwenye kompyuta nyingine, vikarudi ndani ya flashi. Na akihofu kuwa vimeharibika njiani au vimetiwa mkono wa mtu, vyaweza kuhakikiwa, kwa kuwa orodha ya vifurushi imetiwa saini kwa ufunguo wa siri na Debian wenyewe, na kila kifurushi kina alama yake ya hesabu humo. Ikibadilika hata herufi moja, uhakiki wa alama hiyo utalifichua badiliko.