Kunadi na Kueleza: Lugha ya Mwasilishaji Katika Makongamano ya Kitaalamu

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutumiwa aghalabu kuwaonya vijana kuhusu mapambo na majivuno, lakini inafaa pia kuandikwa mlangoni mwa kila ukumbi wa kongamano. Mtaalamu anaposimama mbele ya wenzake kueleza dawa, chanjo, mashine, programu ya kompyuta au kitabu, huwa amechukua mojawapo ya nafasi mbili: ama anaeleza, ama anajitembeza. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba mpaka baina ya nafasi hizo mbili huchorwa kwanza na lugha, kabla ya kanuni yoyote ya waandalizi. Mifano imetolewa katika utafiti wa malaria uliofanywa Kilifi, pwani ya Kenya, na katika mtaa wa Kisumu Ndogo, ambako maneno ya ukumbini huishia kuwa uamuzi wa mzazi.

Kitenzi 'kunadi' kina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni kuita kwa sauti. Kutokana nacho tumepata mnada na mnadi, na siku hizi hata wanasiasa husemwa kuwa wananadi sera zao. Mnadi wa sokoni hana kosa. Anayemsikiliza anajua kwamba anauziwa, anaweza kubishana naye juu ya bei, na akichoka anaondoka. Ukumbi wa kongamano ni tofauti. Wasikilizaji wamekuja kwa ajili ya elimu, na imani yao wameitoa kabla mwasilishaji hajafungua kinywa. Wameketi kwenye viti, ratiba imewafunga, na adabu haiwaruhusu kutoka. Anayeitumia imani hiyo kuuza ni kama mgeni aliyealikwa arusini, akatandika kanga zake za biashara mbele ya bibi arusi.

Je, madhara yako wapi? Ili kuyaona, ni lazima kumfuata msikilizaji hadi nyumbani. Kisumu Ndogo ni mtaa wa Malindi (mji wa Kilifi nao una Kisumu Ndogo yake), na jina lake ni la mji ulio upande wa pili wa nchi, kandokando ya Ziwa Victoria. Tuchukulie kwamba mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huo amehudhuria kongamano na kusikia dawa ikitajwa kwa jina la kibiashara, mara kumi kwa muda wa dakika ishirini. Atakaporudi hatawaeleza majirani habari za kemikali. Atawatajia jina alilolisikia, na jina hilo ndilo litakalopelekwa dukani.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia muuzaji katika jambo hili. Katika matumizi ya kila siku, panadol imekuwa jina la kidonge chochote cha kutuliza maumivu, kama vile omo ilivyokuwa jina la sabuni yoyote ya unga. Mwanaisimu atasema huu ni upanuzi wa maana, na atakuwa sahihi. Lakini kwa mzazi aliye na mtoto mwenye homa, jina la kibiashara huficha kilichomo ndani. Dawa ya Panadol ni parasetamoli, na parasetamoli hiyohiyo imo katika dawa nyingi za mafua zinazouzwa kwa majina mengine. Asiyelijua jina la dawa yenyewe anaweza kumpa mtoto dozi mbili akidhani ni dawa mbili, ilhali parasetamoli ikizidi kipimo huharibu ini. Upo pia upande wa mfuko. Kenya ilipoamua mwaka 2004 kuifanya artemetha-lumefantrini kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria isiyo kali, jina lililovuma ni Coartem, la kampuni ya Novartis. Mzazi aliyelizoea jina hilo akipewa dawa ileile iliyotengenezwa na kiwanda kingine, yamkini atadhani amepewa dawa duni, akaenda kununua kwa fedha kile alichokwisha kupewa.

Kwa sababu hiyo, baraza linalosimamia mafunzo endelevu ya madaktari nchini Marekani, ambalo lilikuwa na kanuni za ufadhili wa kibiashara tangu mwaka 1992, lilisisitiza katika kanuni zake za mwaka 2004 kwamba kutumia jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara husaidia kuondoa upendeleo. Wazo hili si geni. Mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari limepitisha vigezo vya kimaadili kuhusu utangazaji wa dawa, na mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2016 ulizitaka kampuni za vyakula vya watoto wachanga zisifadhili kabisa mikutano ya wataalamu wa afya.

Hata hivyo, jina ni sehemu ndogo tu ya suala hili. Mtu anaweza kulikwepa jina la kibiashara na bado akanadi. Mfano bora ni chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, ambayo jina lake la kibiashara ni Mosquirix na mtengenezaji wake ni kampuni ya GlaxoSmithKline. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyowahusisha watoto 894, wenye umri wa miezi 5 hadi 17, katika Kilifi na Korogwe, Tanzania. Chanjo ilipunguza malaria kwa asilimia 53 katika kipindi cha wastani wa miezi minane hivi. Asilimia 53 ni kweli tupu. Lakini mwasilishaji akiiandika kwa herufi kubwa kwenye slaidi, akaacha kutaja ile miezi minane, ukweli huo unageuka tangazo.

Majaribio makubwa zaidi yalifuata kati ya mwaka 2009 na 2014, yakiwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, Kilifi ikiwa mojawapo. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, kinga iliyopimwa kwa takriban miaka minne ilikuwa asilimia 36. Kisha, mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Ally Olotu walichapisha habari za watoto 447 wa Kilifi waliopata dozi tatu, au chanjo ya kulinganishia, wakafuatiliwa kwa miaka saba. Kwa kipindi chote hicho kinga ilikuwa asilimia 4.4. Zaidi ya hayo, katika mwaka wa tano, watoto waliochanjwa katika sehemu zenye mbu wengi waliugua malaria mara nyingi kuliko wenzao ambao hawakupata chanjo hiyo.

Hakuna mnadi ambaye angeyatangaza hayo. Ikumbukwe kwamba matokeo haya hayakuiua chanjo. Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio mwezi Septemba 2019 katika kaunti za magharibi, Kisumu yenyewe ikiwamo, na tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itolewe kwa dozi nne. Umuhimu wa dozi ya nne haueleweki kwa aliyesikia asilimia 53 pekee. Mkazi wa Kisumu Ndogo mwenye jamaa Kisumu, anayesikia kwa simu kwamba mtoto amechanjwa dozi tatu, anahitaji kujua kwamba kazi haijaisha na kwamba chandarua kisikunjwe. Ujuzi huo hutokana na takwimu ambazo muuzaji angependa zibaki kabatini.

Mwanafunzi wa fasihi ana la kuchangia hapa, kwani amefunzwa kuzitambua mbinu ambazo mtaalamu wa maabara huenda asizitilie maanani. Chuku hujidhihirisha katika maneno kama 'ya kipekee', 'ya kimapinduzi' na 'suluhisho la kudumu'. Takriri hujitokeza pale nembo ya kampuni inapokaa kwenye kona ya kila slaidi. Jicho huisoma mara thelathini hata kama mdomo haukuitaja. Linganisha sentensi mbili: 'Chanjo hii inawakomboa watoto wetu' na 'Chanjo hii ilipunguza malaria kwa kiasi hiki, kwa watoto wa umri huu, kwa muda huu.' Ya kwanza haiwezi kuulizwa swali. Ya pili inayaita maswali, na kongamano bila maswali ni mkutano wa hadhara tu.

Wapo watakaopinga kwamba bila wafadhili hakuna ukumbi wala chai, na hoja yao ina uzito. Vilevile, kuna nyakati ambapo jina la kibiashara halina budi kutajwa: mtafiti aliyetumia kipimo fulani cha damu lazima aseme ni kipi, la sivyo mwenzake hataweza kuurudia utafiti huo. Kinachotakiwa si ukimya bali mahali pa kila jambo. Mwasilishaji ataje mwanzoni ni nani aliyemlipa. Nembo ikae kwenye slaidi ya kwanza, basi. Mfadhili ashukuriwe na mwenyekiti, si na mtafiti. Bidhaa zipangwe mezani nje ya ukumbi, ambako kila mtu anajua kwamba hapo ni sokoni.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kwamba haya ni ya madaktari peke yao. Katika makongamano yetu wachapishaji huja na vitabu, na mwandishi huweza kuwasilisha makala ambayo mada yake ni upekee wa riwaya yake mwenyewe. Ukumbini mna walimu watakaoshauri shule kuhusu vitabu vya ziada, na gharama itamwangukia mzazi, pengine huyohuyo wa Kisumu Ndogo aliyelipia dawa mara mbili. Mwandishi huyo hazuiwi kusema. Aanze kwa kukiri kwamba kitabu ni chake, akilinganishe na vya wengine kwa vigezo vilevile, ataje pale kilipomshinda, na bei aiache mezani kwa muuzaji, pale nje wakati wa chai.