Kutaja na kunukuu

Katika Seminari tumezoea neno la Kifaransa « citer », nalo latumika kwa mambo mawili: kumtaja mwenye kusema, na kuyarudisha maneno yake sawa vile yalivyo. Kiswahili chayatenga. Kutaja ni kusema habari imetoka kwa nani, au katika kitabu gani; maana yake twaweza kuieleza kwa maneno yetu wenyewe. Kunukuu ni kuandika maneno yenyewe, pasipo kuongeza wala kupunguza, na kuyafunga kwa alama hizi: « ».

Maandiko Matakatifu yana namna zote mbili. Katika Mt 4, 4 Bwana Yezu anamjibu Shetani kwa maneno ya Kumbukumbu la Sheria 8, 3: ndiko kunukuu. Lakini katika Mt 2, 23, juu ya kukaa Nazareti, Matayo anataja manabii kwa jumla, wala hamwiti mmoja kwa jina. Mtakatifu Yeronimo alieleza kwamba hapo Matayo alichukua maana ya manabii, siyo maneno yao.

Kwetu Fizi na Baraka jambo hili si la darasani tu. Tarehe 28 Novemba 1964, Padri Luigi Carrara na Ndugu mtawa Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Siku ileile, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri huko Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Inasimuliwa kwamba Padri Carrara, alipouona mwili wa Ndugu Vittorio, alikataa kuondoka, akataka kufa pamoja naye. Tukiandika hivyo, tumetaja ushuhuda. Lakini tukitunga maneno na kuyatia kati ya « », tumemsemesha Mwenye Heri neno ambalo pengine hakulisema. Kesho mwingine atalinukuu kutoka kwetu, na kesho kutwa litahubiriwa kanisani.

Basi, ndugu makatekista, mzee akiwasimulia kwa Kibembe nanyi mkaandika kwa Kiswahili, semeni wazi kwamba mmefasiri. Andikeni pia kama aliona kwa macho yake, ao alisikia kwa mwingine. Maneno mliyoyaandika palepale yakitoka kinywani mwake, myanukuu. Yale mnayokumbuka maana yake tu, myataje. Wao walitoa damu yao. Sisi tuwape maneno ya kweli.