Njia nne za baiskeli kutoka Eldoret, na moja iliyonitia adabu

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, kitu kilichonisumbua zaidi ni asubuhi. Wasee wote wa ploti yetu hapa Langas walikuwa na pa kwenda, huyu darasani, yule kazini, mimi nimebaki kitandani nikihesabu mabati. Nikakopa nikanunua baiskeli ya mtumba kwa Sh9,000 ili nipeleke watu oda za chakula. Kazi yenyewe haikumaliza miezi mitatu. Baiskeli ilibaki.

Ndiyo maana nakuandikia wewe ambaye una baiskeli imeegemea ukuta kejani, au unamezea mate ile ya jirani. Sisibo, jina tuliloupa mji huu kwa kuwa ulianzia kwenye shamba nambari 64, ulipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024. Lakini bado ni jiji dogo. Piga pedali nusu saa tu na uko kati ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Wasee wa Nairobi hulipa nauli kutafuta hewa kama hii.

Kabla hujatoka, jua kitu kimoja: usichague njia kwa uzuri wa kwenda. Ichague kwa ugumu wa kurudi. Hili nililijua kwa njia mbaya, na nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Pa kuanzia: Naiberi na Kaptagat

Kama hujawahi kutoka nje ya mtaa na baiskeli, anzia barabara ya Kaptagat. Hadi Naiberi ni kama kilomita 16, kwa hivyo kwenda na kurudi ni 32 hivi. Mtu wa kawaida anaweza, mos mos, akipumzika njiani. Ukisikia miguu iko fiti, endelea mpaka uingie msitu wa Kaptagat. Huko ni baridi hata jua likiwa limetoka, kwa hivyo beba jaketi.

Toka mapema, kwa sababu ukichelewa utakosa burudani yenyewe: wakimbiaji. Kaptagat ndiko Eliud Kipchoge amefanyia mazoezi kwa miaka mingi, na ukiamka saa kumi na mbili unaweza kukutana na kundi la watu thelathini wanakuja mbio bila hata kuhema. Usione aibu wakikupita mlimani. Mimi nimepitwa mara nyingi, siku moja na msichana aliyekuwa akipiga stori na mwenzake.

Ya kupima mapafu: Iten

Iten ni takriban kilomita 35 kutoka katikati ya jiji. Hadi Chepkoilel, kilipo Chuo Kikuu cha Eldoret, kuna matatu nyingi zinazosimama popote abiria anapoinua mkono. Kaa macho. Ukipita hapo barabara inatulia.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, Iten inafika 2,400. Hutaona mlima mmoja mkubwa wa kukutisha. Unapanda kidogo kidogo mpaka unajiuliza mbona leo umechoka hivi. Ukifika lango lililoandikwa kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa, piga picha, kunywa chai ya maziwa na chapo, kisha songa hadi ukingoni mwa bonde uangalie Kerio kule chini.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mlima unaumaliza asubuhi ukiwa na nguvu. Kurudi, sehemu kubwa ni mteremko. Hiyo ndiyo njia iliyopangwa vizuri.

Ya kwenda mbali: Kapsabet

Ukiwa umezoea, shika barabara ya Kapsabet. Unapita karibu na uwanja wa ndege, unafika Mosoriot, kisha Kapsabet, karibu kilomita 45 kwenda tu. Hapa ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na ukikaribia Kapsabet unaanza kuona majani chai. Magari ya Kisumu hutumia barabara hii, kwa hivyo nenda Jumapili mapema. Nguvu zikiisha, hakuna sheria inayosema lazima urudi kwa pedali. Ongea na makanga vizuri, baiskeli inapanda kwenye keria.

Na kuna barabara ambayo sikushauri kabisa: ile kuu ya Nakuru hadi Malaba. Malori ya Uganda hayalali. Kuna mahali ukingo wa lami umekatika kama ngazi, na lori likikubana huna pa kukimbilia. Kama lazima uipite, ipite kipande kifupi tu, mchana, na usiwe na spika masikioni.

Ile iliyonitia adabu

Ya nne ni Iten kushuka Bonde la Kerio. Wengi wamekwambia ni tamu. Hawajadanganya.

Nilienda Jumamosi moja, peke yangu, na chupa moja ya maji. Sikumwambia mtu. Kutoka Iten barabara inaanguka tu, kona juu ya kona, unapita Kessup, unapita Tambach, upepo unakuimbia masikioni. Nilishika breki mpaka rimu zikawa moto wa kuchoma kidole. Hapo tayari nilikuwa nafanya kosa. Kwenye mteremko mrefu, breki za mpira zikishikwa bila kuachiliwa zinapasha rimu joto hadi tyubu inaweza kupasuka, na ikipasukia konani hakuna wa kukudaka. Shika, achilia, shika, achilia. Kila baada ya kona kadhaa simama zipoe.

Nilifika daraja la Chebloch saa sita mchana. Nikatazama vijana wakiruka kutoka kwenye miamba hadi mto Kerio, nikacheka, nikapiga picha, nikamaliza maji. Kisha nikageuza baiskeli.

Sikiza, kutoka hapo hadi Iten ni kupanda zaidi ya mita 1,000. Na bondeni si Eldoret. Joto linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye lami. Nilipoanza kupanda, misuli ya paja ikakaza. Nikashuka, nikasukuma. Nikapanda tena, ikakaza tena. Simu ikazima. Kabla ya Tambach nilikuwa nimekaa kando ya barabara, naona nyota mchana, mate yamekauka, na kwa mara ya kwanza nikafikiria kwamba naweza kuzimia hapa na hakuna mtu duniani anayejua niko wapi.

Mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wake alinijia.

"Chamgei, mzee," nikamwambia.

"Chamgei mising. Kijana wangu, umetoka wapi na hiyo baiskeli?"

"Eldoret."

"Na unarudi huko leo?"

"Ndiyo, mzee."

Akatazama mlima, akanitazama. "Sisi watu wa huku tukishuka, huwa tunajua kwanza ni nani atatupandisha."

Alinipa maji kwenye jagi, akaniambia nikae kivulini mpaka jua lipungue. Saa kumi alisimamisha pikapu iliyobeba maembe, akazungumza na dereva Kikalenjin, na nikapanda hadi Iten nimekaa juu ya magunia nimekumbatia baiskeli. Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Mamangu alikuwa amepiga simu tangu mchana. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ungekosa kurudi, ningeanza kukutafuta wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutoka namtumia ujumbe: naenda huku, napitia huku, nitarudi saa hii.

Bado naipenda Kerio. Nimerudi mara mbili, tukiwa watatu, na tulipanga usafiri wa kutupandisha kabla ya kushuka. Tena huwa tunauliza kwanza kuhusu usalama, kwa kuwa sehemu za bonde hilo zimekuwa na visa vya wizi wa mifugo na mashambulizi.

Unachohitaji

Huhitaji baiskeli ya laki mbili. Hata Black Mamba inafika Naiberi. Unachohitaji ni breki zinazoshika, helmeti, tyubu moja ya akiba, pampu, chupa mbili za maji na taa ya nyuma. Jifunze kuziba pancha mwenyewe. Kaa na fundi wa mtaa alasiri moja, mnunulie soda, atakuonyesha. Msimu wa mvua toka asubuhi, kwani mara nyingi mvua huku hunyesha baada ya saa nane.

Na ukisikia mtu akisema baiskeli ni ya wazungu au ya wasio na doo, mwambie kuhusu Suleiman Kangangi. Alizijua barabara hizi, akamaliza wa tatu Tour du Rwanda mwaka 2017, na alikuwa akiwafungulia njia vijana wenzake alipofariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Miaka miwili baadaye, Biniam Girmay wa Eritrea alivaa jezi ya kijani hadi mwisho wa Tour de France. Mwaka 2025, mbio za ubingwa wa dunia zilifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Huu mchezo ni wetu pia.

Mimi sijarudi chuo bado. Baiskeli haijalipa karo, na sitakudanganya kwamba itakulipia yako. Lakini Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nina pa kwenda, na kuna wasee watatu wananingoja kwenye steji ya Kaptagat.

Anza na Naiberi wikendi hii. Na kabla hujatoka, mwambie mtu.