Rhapta: Pwani Yetu Katika Vitabu vya Wayunani

Msafiri atokaye Gwata, akayaacha nyuma mashamba ya Kibaha na vilima vya Kisarawe, akashika njia ya kusini mpaka Kibiti na mikoko ya Rufiji, aghalabu hajui kwamba pwani anayoiendea ilikwisha kuandikwa habari zake kwa Kiyunani zaidi ya miaka 1900 iliyopita.

Yapata katikati ya karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Nabii Isa, zama ambazo Misri ilikuwa chini ya hukumu ya Kaisari wa Rumi, tajiri mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa alitunga kitabu kidogo cha mwongozo wa mabaharia, kiitwacho Periplus, chenye kueleza bandari za Bahari ya Sham na za Bahari ya Hindi. Hana fasaha nyingi wala hasimulii maajabu. Yeye ataka kujua bandari i wapi, bidhaa gani yanunuliwa, na nani mwenye amri. Pwani yetu aiita Azania. Mbele yake akitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine hudhani ni Unguja na wengine Pemba au Mafia, asema ni nchi tambarare yenye miti mingi, na wenyeji wake wana mitumbwi ya kuchonga na vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, nao hutega vikapu katika milango ya maji wapate kasa. Mvuvi wa Kilindoni hahitaji kuelezwa zaidi: vikapu hivyo ni ndugu wa madema, na vyombo vile ni jamaa ya mitepe, iliyokuwa ikionekana Lamu hata karne ya 20 ilipoingia.

Mwendo wa siku mbili kutoka kisiwani ulikuwapo mji wa Rhapta, soko la mwisho la Azania, ambako pembe za ndovu zilipatikana kwa wingi, pamoja na pembe za vifaru na magamba ya kasa. Na kutoka Mouza, bandari ya Yemen, zikaletwa fumo, mashoka, majambia na vitu vya kioo. Kila mahali palikuwa na mkuu wake, lakini watu wa Mouza walitoza kodi, wakapeleka manahodha na mawakili wa Kiarabu waliokwisha kuoa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Wenye kubishana ni lini udugu huo wa pwani na Arabuni ulianza wangefaa kuusoma ukurasa huo kwanza.

Rhapta ulikuwa wapi? Wako wasemao Pangani, wako wasemao kwingineko. Lakini Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetangaza mwaka 1999 kwamba shanga za kioo za zama za Warumi zimechimbuliwa Rufiji, ameupa upande wa Rufiji hoja ambayo ni tabu kuipuuza. Tena wahunzi waliofua chuma na kufinyanga vyungu walikuwa wamekwisha kukaa bara ya pwani hii katika zama zile zile, kwa hiyo wageni hawakukuta nchi tupu.

Karibu mwaka 150 Claudius Ptolemaeus wa Iskandaria, ambaye Waarabu humwita Batlamyus, aliutaja Rhapta kuwa mji mkuu, akanakili habari ya Diogenes, baharia aliyesukumwa na upepo wa kaskazini siku 25 hata akakaribia maziwa yatokako maji ya Nile. Ila mwanachuoni huyo alikosea jambo kubwa: aliifunga Bahari ya Hindi kwa nchi kavu upande wa kusini kana kwamba ni ziwa, ilhali yule mchuuzi asiye na jina alikwisha kuandika kwamba bahari hupinda kuelekea magharibi ikaungana na bahari ya huko.

Sasa tazama urithi ulivyogawanyika. Kitabu cha Ptolemaeus kilishikwa na maulama wa Baghdad katika karne ya 9; Kostantinia kikafufuliwa na mtawa Maximus Planudes mwishoni mwa karne ya 13; na kwenye mwaka 1406 Jacopo Angeli akakitia katika Kilatini, Ulaya yote ikakisadiki, kosa na yote. Periplus haukupigwa chapa mpaka mwaka 1533, huko Basel, miaka 35 baada ya Vasco da Gama kuizunguka Afrika na kutia nanga Malindi. Kwa rai yangu, mchuuzi alidhulumiwa: mwenye jina kubwa aliaminiwa, na mwenye kusikiliza manahodha akasahauliwa.

Rhapta wenyewe haujapatikana kwa yakini. Basi mkulima wa Kibaha, Kisarawe au Rufiji akipiga jembe akakuta shanga za kioo, vigae vya kale au mavi ya chuma, asiviokote wala asiviuze, kwani thamani yake kwa mchimbaji wa mambo ya kale imo katika mahali vilipolala. Avifunike kwa udongo na amwarifu mwenyekiti wa kijiji, apate kupeleka habari Idara ya Mambo ya Kale.