Mzamivu na Mshika Kamba

Kabla biashara ya lulu haijaporomoka katika Ghuba ya Uajemi miaka ya 1930, mzamiaji hakushuka baharini peke yake. Alijibana pua kwa kibanio, akatia mguu kwenye kamba yenye jiwe zito la kumshusha chini upesi, akakusanya chaza kwa kadiri ya pumzi moja. Juu, mashuani, alikuwapo mwenzake. Waarabu walimwita saib: mshika kamba. Kamba ikitikiswa kutoka chini, saib alivuta kwa nguvu zake zote. Uhai wa aliyezama ulikuwa mikononi mwake.

Kiswahili nacho kilipohitaji jina la shahada ya juu kabisa, kiliingia baharini humo humo kikatoka na neno uzamivu, kutokana na kuzama. Jina hili limempata mwenyewe, maana anayeisoma shahada hiyo hushuka kwenye jambo moja dogo, akakaa nalo miaka mitatu, minne, wakati mwingine saba. Hata wa uzamili, ambaye safari yake ni fupi, hufika mahali jua halionekani. Kinachosahaulika ni kamba. Familia humpeleka chuoni kwa nderemo, chuo humpokea kwa fomu na ankara ya ada, kisha kila mtu hungoja aibuke na lulu.

Ugumu wenyewe hauanzii kwenye masomo. Shahada ya kwanza ina kengele zake: ratiba ya vipindi, majaribio, mitihani, sapu kwa aliyeteleza, na wenzako mia mbili ukumbini mnaohangaikia swali lile lile. Uzamili huanza kwa mtindo huo huo, kwa kozi na mitihani. Kozi zikiisha, kengele hunyamaza. Mwanafunzi huambiwa akaandike propozali, na asubuhi inayofuata hakuna mahali popote anapongojwa. Wiki moja hupita, kisha mwezi. Wengi wanaokwama hukwamia hapa, kwenye ukimya huu, nao ni watu walioongoza madarasa yao tangu shule ya msingi.

Tena mwanafunzi huyu si kijana wa bweni. Ni mwalimu wa sekondari, muuguzi wa zamu za usiku, ofisa wa halmashauri aliyebembeleza ruhusa kwa mwajiri. Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipoagiza mwaka 2014 kwamba wahadhiri wote wawe na shahada ya uzamivu, watu waliokuwa wakifundisha madarasa yaliyojaa walilazimika kuwa wanafunzi upya huku wakiendelea kusahihisha mitihani ya wengine. Tanzania, mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi kwa sehemu kubwa huelekezwa shahada ya kwanza, hivyo bumu, ile posho ya kujikimu, halipo. Ada hutoka kwenye mshahara ule ule unaolipa kodi ya nyumba na karo za watoto.

Halafu kuna ukoo. Msomi wa familia ndiye hutafutwa kuwa katibu wa kamati ya harusi, ndiye husindikiza mgonjwa hospitali ya rufaa, ndiye huandika wasifu wa marehemu. Kumwambia mtu wa namna hii “jifunze kukataa” ni kumpa ushauri wa watu wasio na shangazi. Kinachowasaidia wengi ni kutoa taarifa mapema na kutaja tarehe: mpaka mwisho wa Juni, Jumamosi asubuhi nitakuwa maktaba, mchango wangu utafika kwa simu, msibani nitakuja. Ndugu huvumilia zaidi jambo lenye mwisho. “Niko bize na shule” halina mwisho, ndiyo maana huleta lawama.

Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Silvia aliandika mwaka 2007 kitabu kiitwacho How to Write a Lot, na hoja yake kuu inamfaa sana mtu wa aina hii. Anayesema atatafuta muda wa kuandika, asema Silvia, hataupata. Muda wa kuandika hutengwa kama kipindi cha darasani, siku fulani, saa fulani, nao hulindwa. Mwalimu hakosi kipindi kwa sababu hajisikii kufundisha. Kwa muuguzi wa zamu, saa hiyo yaweza kuwa ya kumi na moja alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, mara nne kwa wiki. Kurasa mbili mbovu kila wiki hurekebishika. Sura nzima inayongoja likizo ya Desemba hukutana na Krismasi, wageni na safari ya kijijini.

Kusoma nako kuna uchumi wake. Mgeni wa utafiti huisoma makala ya kitaaluma kama riwaya, kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, na kufikia ya kumi amechoka na hakumbuki ya kwanza. Wazoefu huanza na ikisiri, wakaruka hadi hitimisho, wakarudi kwenye mbinu za utafiti ikiwa tu makala inawahusu kweli. Wakiisoma, huandika papo hapo mistari mitatu: mwandishi anadai nini, kwa ushahidi gani, na inanihusu vipi. Rejea huingizwa siku hiyo hiyo kwenye programu kama Zotero, inayopatikana bure. Na makala inayodai dola 40 kwenye skrini ya simu mara nyingi haipaswi kumgharimu mwanafunzi chochote. Tangu mwaka 2002 mpango ulioanza kwa jina la HINARI, sasa ukiwa sehemu ya Research4Life, umezipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo njia ya kusoma majarida mengi bure au kwa bei ndogo. Nywila iko kwa mkutubi. Inasikitisha kuona watu wakimaliza shahada bila kuwahi kumwamkia mkutubi wao.

Msimamizi ndiye mshika kamba wa kwanza, na hapa heshima zetu zinaweza kumponza mwanafunzi. Amelelewa kutomsumbua mkubwa. Hutuma sura ya kwanza, akangoja. Mwezi wa pili anaona haya kuulizia. Mwezi wa nne anaanza kuamini kwamba kazi yake ni mbaya kiasi cha kukosa jibu. Wakati huo Profesa ana wanafunzi wengine wengi, vikao vya idara na safari za kutahini vyuo vingine, na ile barua pepe imezama chini ya mamia. Heshima haizuii kufuatilia. “Shikamoo Profesa, nakukumbusha rasimu ya sura ya pili niliyoituma tarehe 3, naomba nusu saa Jumatano au Alhamisi, nina maswali mawili” ni ujumbe wa adabu, na ni rahisi kuujibu kuliko “Naomba maoni yako.” Kikao kikiisha, mwanafunzi huandika muhtasari wa yaliyokubaliwa na kuutuma jioni hiyo hiyo. Muhtasari huo humwokoa pale msimamizi anaposahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza sura ibadilishwe, au wasimamizi wawili wanapovutana.

Uwandani kunahitaji kalenda nyingine kabisa. Tanzania, barua ya chuo hupelekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mtafiti kutoka nje ya nchi hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na Kenya kibali ni cha tume ya huko, NACOSTI. Kila meza ina siku zake. Aliyepanga kuhoji walimu mwezi Novemba atawakuta kwenye mitihani ya kidato cha nne. Aliyepanga kuhoji wakulima wakati wa palizi atawakuta shambani, na wana haki ya kukataa. Data ikishapatikana, itunzwe mahali patatu, pamojawapo pakiwa nje ya nyumba. Kompyuta huibwa pamoja na begi lililobeba flashi yenye nakala.

Lipo pia la moyoni, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji waliochunguza wanafunzi 3,659 wa uzamivu huko Flanders waliona kwamba takriban mmoja kati ya watatu alikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Mwaka uliofuata, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Biotechnology, uliohusisha watu 2,279 kutoka nchi 26, wengi wao wa uzamivu, ulikuta asilimia 41 wakiwa na wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali. Kwetu hali hiyo huitwa “mawazo”, na aliye nayo huambiwa asali au apumzike. Asali, na apumzike. Lakini asiyelala wiki ya tatu mfululizo, anayeogopa hata kufungua faili la tasnifu, anastahili pia kuonana na mshauri nasaha au daktari, kama ambavyo angeenda kupima malaria.

Utafiti wa Ubelgiji ulionyesha jambo jingine: namna msimamizi anavyoongoza na jinsi kazi inavyogongana na familia vinahusiana na hali ya mwanafunzi. Mambo hayo hayamo kichwani mwake peke yake. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ulishika wazo hilo: wanafunzi wa uzamivu kutoka vyuo mbalimbali vya Afrika walikutanishwa kwa semina nne ndefu, kuanzia kutunga swali la utafiti hadi kujiandaa kwa maisha ya baada ya kuhitimu. Asiye na ufadhili huo anaweza kuanza na watu watatu, meza ya maktaba na siku moja ya wiki, kila mmoja akija na kurasa alizoandika.

Wakati mwingine kamba hushikwa na mtu mmoja tu. Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, aliporudi Nairobi mwaka 1966 na shahada ya uzamili ya Marekani, kazi aliyoahidiwa alikuta amepewa mwingine. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, alimpa nafasi katika anatomia ya mifugo na kumhimiza aende Ujerumani kwa utafiti wa uzamivu. Alirudi mwaka 1969, akaolewa, akajifungua mtoto wa kwanza, akawa anafundisha huku akiandika. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada hiyo.

Ukifungua tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya ikisiri kwa kawaida utakuta ikirari, tabaruku na shukrani. Wasomaji wengi huziruka. Katika shukrani, majina ya wasimamizi hutangulia, kisha mwajiri aliyetoa ruhusa, wanakijiji waliokubali kuhojiwa, mwenzi aliyelala peke yake taa ya sebuleni ikiwaka, jirani aliyewapokea watoto shuleni, rafiki aliyesoma sura ya nne usiku kuamkia siku ya kuiwasilisha. Wamepangwa mstari kwa mstari, kila mmoja na sehemu ya kamba aliyoishika.