Jua la Bure, Kibao cha Ghali

Usiku ukiingia Kindu, mtu akisimama upande wa Alunguli na kuutazama mji ng'ambo ya Lualaba, huona mataa yametawanyika, na giza limejaa kati yake. Nyumba moja ina mtambo wa mafuta unaonguruma. Nyingine ina kibao cha jua juu ya bati. Katika nyingine watoto husoma kwa koroboi mpaka macho yawashe. Jua liliwawakia wote sawasawa mchana kutwa. Kilichowatenga ni bei. Na ndani ya bei hiyo, wasomaji wapendwa, mmejificha kodi.

Je, Serikali ikipunguza kodi, mwenye nyumba atapata nuru? Tutazame kwanza kwa wengine. Huko Marekani, kwa sheria ya mwaka 2022, mtu aliyeweka vibao vya jua nyumbani kwake alikata asilimia 30 ya gharama katika kodi yake ya mapato: ametumia dola 10,000, amesamehewa 3,000. Nafuu hiyo ilikoma tarehe 31 Desemba 2025. Tukiichukua desturi ile na kuileta Kindu, tutamsaidia nani? Mwenye pikipiki ya abiria, mama muuza mihogo, mvuvi wa mtoni: hawa hawapeleki hesabu ya mapato ofisini kila mwaka. Mtu hasamehewi deni asilodaiwa.

Kodi yao huilipa dukani bila kuiona. Kibao kinachotoka ng'ambo hudaiwa ushuru mpakani. Tena tangu mwaka 2012 nchi yetu ina kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Juu ya hayo weka nauli ya ndege, au safari ndefu ya reli. Mwisho wa yote hayo yupo baba wa watoto sita, akihesabu falanga zake.

Jirani zetu wa Kenya walionja jambo hili. Katikati ya mwaka 2020 vyombo vya jua vilivyokuwa vimesamehewa vilitozwa kodi ya asilimia 14. Julai 2021 msamaha ukarudishwa. Hapo mnunuzi aliguswa moja kwa moja.

Kwetu sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliwafungulia watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme, kazi iliyokuwa ya SNEL. Mwaka 2018 ikatoka amri ya kupunguza kodi na ushuru kwa ajili ya uzalishaji wa umeme. Ni jambo jema. Lakini twaona kwamba amri za namna hii huwafaa zaidi wenye kujenga mitambo mikubwa. Mchuuzi aletaye vibao kumi katikati ya marobota ya nguo hana wakili wa kumwandikia maombi. Hata akisamehewa, nani atahakikisha kwamba ameshusha bei, wala hakutia nafuu ile mfukoni mwake? Kodi pia ina kazi yake: mwalimu hula mshahara kutoka humo. Hatuombi ifutwe ovyo.

Kanisa nalo limeanza nyumbani kwake. Mwaka 2008 vibao zaidi ya 2,000 viliwekwa juu ya ukumbi wa Paulo VI huko Vatikano, na mwezi Juni 2024 Papa Fransisko aliagiza kiwanja cha jua kijengwe Santa Maria di Galeria, nje ya Roma. Parokia zetu hazina uwezo huo. Lakini familia ishirini za jumuiya moja zikiagiza pamoja, huomba bei ya jumla na risiti yenye kuonyesha kodi iliyolipwa, na muuzaji huona haya kudanganya watu ishirini.

Neno moja tungependa wabunge wetu walisikie: betri. Kibao chema huishi miaka 20 na zaidi. Betri ya asidi, katika joto letu na kwa matumizi ya pupa, mara nyingi hufa kabla ya mwaka wa tano. Tumeingia nyumba zenye kibao juu ya bati na koroboi juu ya meza. Msamaha unaohesabu kibao na kuisahau betri humpa mwanafunzi taa ya miaka michache, kisha humrudisha kwenye moshi, pengine mwaka ule ule wa mtihani wa dola.