Kikomo cha Malipo katika Ligi za Mtaani: Nani Ashike Daftari?

Mji wa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ni miongoni mwa miji ya Kenya iliyokua upesi mno. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya 150,000 mahali ambapo miongo michache nyuma palikuwa kituo kidogo tu kando ya barabara iendayo Namanga. Wengi wa wakazi hao ni wageni waliofuata kazi za viwanda vya Athi River au nyumba zilizo nafuu kuliko za Nairobi. Wamo na watoto wetu wa pwani. Vijana wasiojuana kwa kabila wala kwa ukoo wanapokutana katika mji mpya, aghalabu kinachowakusanya kwanza ni mpira.

Mpira huo huitwa wa ridhaa, maana yake ni kwamba mchezaji hucheza kwa kupenda, si kwa mshahara. Walakini sote tunajua kwamba fedha zimekwisha kuingia. Zilianza kwa nauli na chakula cha baada ya mechi. Kisha akatokea mfadhili, pengine mfanyabiashara, pengine mwenye kutafuta kura, akatoa kitita ili timu yake isishindwe. Nairobi iko umbali wa kilomita 30 hivi, na mchezaji wa daraja la juu aweza kupanda matatu asubuhi, akacheza dakika 90, akalipwa na kurudi kwake jioni. Ndugu zetu wa Tanzania wana jina la wachezaji wa namna hiyo: huwaita mamluki. Sisi wa pwani tusijione tumeepukana nao, kwani hata katika mashindano ya mwezi wa Ramadhani tumewaona wakikodiwa kwa mchezo mmoja.

Yapo madhara matatu yanayozigusa familia zetu moja kwa moja. La kwanza ni la kijana aliyefanya mazoezi na klabu yake mwaka mzima, akachangia jezi na mipira, kisha siku ya fainali akawekwa benchi kumpisha mgeni. La pili ni la kijana anayeahidiwa malipo kwa mdomo, akaacha kibarua chake au masomo yake, na mwisho wa msimu asione hata senti. La tatu ni la klabu yenyewe. Mfuko uliojengwa kwa michango ya wazazi na wenye maduka humalizika kwa kushindana na tajiri mmoja, na tajiri huyo anapochoka, hubaki uwanja mtupu.

Wala msiba huu si wa timu ndogo peke yake. Klabu ya Sony Sugar, iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, iliondolewa katika Ligi Kuu mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani katika mechi tatu. Mwaka huohuo kampuni ya SportPesa ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini, na hata klabu zenye mashabiki wengi zikatatizika kulipa mishahara. Ikiwa hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye kilele, tunaitarajia hali gani katika ligi ya kaunti, ambako hakuna tiketi ya mlangoni wala haki za televisheni?

Ndiyo maana limekuja wazo la kikomo cha malipo. Kila klabu ya ligi ya mtaani iwekewe kiwango cha juu cha fedha inazoweza kuwalipa wachezaji wake kwa msimu, na atakayekiuka aadhibiwe. Wazo hili ni rahisi kulitamka. Ugumu uko katika kulisimamia, na historia ina mengi ya kutufunza.

Nchini Uingereza mshahara wa mchezaji uliwekewa kikomo cha pauni 4 kwa wiki mwaka 1901. Haikupita miaka mitano kabla ya klabu ya Manchester City kugunduliwa ikilipa ziada kwa siri. Mwaka 1906 wachezaji wake 17 walifungiwa, akiwamo nyota Billy Meredith, na wakakatazwa kuichezea tena klabu hiyo. Mwaka 1919 ikaja zamu ya Leeds City, iliyoshutumiwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wachunguzi waliitaka itoe vitabu vya hesabu, ikakataa. Kwa kukataa huko ilifukuzwa kwenye ligi baada ya mechi nane tu, na wachezaji wake wakapigwa mnada hotelini. Tuzingatie jambo hili: kilichoiangusha Leeds City hakikuwa fedha iliyokutwa mfukoni mwa mtu, bali daftari iliyofichwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Historia hiyohiyo ina upande wa pili. Kikomo cha Waingereza kiligeuka kuwa dhuluma. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mchezaji aliyekusanya maelfu ya watazamaji hakuruhusiwa kupokea zaidi ya pauni 20 kwa wiki, huku fedha za mlangoni zikibaki kwa wenye klabu. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo, na mwezi Januari 1961 kikomo kikafutwa. Hata mwaka 2020, ligi za daraja la tatu na la nne za nchi hiyo zilipojaribu kuweka vikomo vipya, chama hicho kilipeleka shauri kwenye usuluhishi, na Februari 2021 vikomo vikaondolewa. Kanuni iliyopitishwa bila ya kuwashirikisha wanaoguswa nayo haidumu.

Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka jimbo la Victoria nchini Australia, katika ligi za jamii za mpira wa Kiaustralia. Huko miji midogo ilikuwa ikifilisika kwa kununua wachezaji. Mwaka 2016 waliweka utaratibu wa pointi. Mchezaji aliyelelewa na klabu yake huhesabiwa pointi chache kabisa, anayetoka ligi ya juu huhesabiwa nyingi, na jumla ya kikosi cha siku ya mechi haitakiwi kupita idadi iliyowekwa. Mwaka uliofuata wakaongeza kikomo cha malipo. Hekima yake ni kwamba fedha hufichika, lakini mchezaji hafichiki. Hongo ya usiku haina shahidi, ila mgeni aliyeingia uwanjani ameonwa na watu wote.

Je, Kajiado yaweza kufanya nini? Sisi tunaona kwamba mambo matano yanawezekana bila ya kusubiri fedha za serikali.

Kwanza, lielezwe kwa maandishi lipi ni malipo na lipi si malipo. Kanuni za FIFA zinatoa msingi: mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, anayepokea zaidi ya gharama anazozitumia kwa ajili ya mpira, na wengine wote ni wa ridhaa. Basi nauli ya kutoka Isinya hadi Kitengela, chakula, viatu na matibabu ya jeraha yasihesabiwe kuwa mshahara. Lakini fedha anayotoa mfadhili kwa mkono wake mwenyewe ihesabiwe kuwa ni ya klabu, la sivyo kikomo kitakuwa mlango wenye kufuli na ukuta wenye tundu.

Pili, kila klabu iwe na njia moja tu ya fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, imekuwa rahisi kumlipa mchezaji bila ya mtu wa pembeni kujua. Lakini simu hiyohiyo huacha kumbukumbu. Klabu ikiwa na laini moja iliyosajiliwa kwa ajili yake, na malipo yote yakapita humo, taarifa ya mwezi itatosha kuwa ushahidi, na mweka hazina mwaminifu ataepukana na kushukiwa.

Tatu, orodha ya wachezaji ifungwe mapema. Atakayesajiliwa baada ya tarehe fulani asicheze hatua za mwisho, na idadi ya wanaotoka madaraja ya juu iwekewe mpaka. Jambo hili mwamuzi aweza kulihakikisha kwa kadi ya usajili na kitambulisho, bila ya kumpekua mtu.

Nne, adhabu iifuate klabu na viongozi wake kabla ya kumfikia kijana. Faini haimuumizi tajiri, ila pointi zilizopokonywa humuuma. Na klabu itakayokataa kutoa daftari ihesabiwe kuwa imekiri. Anayelalamika naye awe na pa kukimbilia. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, na kamati za mitaa zafaa ziige mfano huo kwa kuteua wazee wasio na timu ili wasikilize mashauri.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa, penye kikomo cha juu pawe na dhamana ya chini. Kilichoahidiwa kilipwe, na kilipwe kwa wakati. Klabu inayodaiwa na wachezaji wa msimu uliopita isiruhusiwe kusajili wapya. Bila ya sharti hili, kikomo kitamlinda mwenye fedha peke yake.

Wako watakaouliza: kwa insafu gani tumwambie mtoto wa maskini apunguziwe hata kile kidogo anachopata kwa miguu yake? Swali hili ni zito na tunaliheshimu. Jawabu letu ni kwamba Uingereza ya mwaka 1961 ilikuwa na fedha za mlangoni ambazo wachezaji walizichuma kwa jasho lao na wakanyimwa. Katika uwanja wa mtaa hakuna mapato hayo. Kilichopo ni mchango wa jirani, na mchango ni amana. Kijana mwenye kipaji cha kujilisha njia yake ni kupanda ngazi, kutoka ligi ya kaunti hadi ligi ya eneo na madaraja ya taifa, hadi apate mkataba wa maandishi unaoweza kudaiwa mbele ya sheria. Shilingi za Jumapili moja zisizoandikwa popote hazimfikishi huko, na aghalabu humchelewesha. Walakini tunakubali kwamba kikomo kikiwekwa chini mno, hakitaondoa malipo bali kitayasukuma gizani. Kwa hiyo kiwango kikubaliwe na klabu zote pamoja na wachezaji wenyewe, kisha kitazamwe upya kila mwaka.

Wazazi nao wasiuachie mpira uwe wa kamati peke yake. Mwanao akikwambia kwamba ameitwa na timu ya Kitengela, ya Ongata Rongai au ya hapa kwetu Mombasa, muulize maswali matatu: Umeandikishwa kwa jina lako? Ulichoahidiwa kimeandikwa wapi? Ukiumia, nani atakupeleka hospitali? Akishindwa kuyajibu, mfuate huyo kiongozi wa timu kwa upole na umuulize wewe. Kiongozi mwema atafurahi kuulizwa, na asiyefurahi atakuwa amekwisha kukujibu.